Slaidi ya korodani ya panzi inagoma: dalili, vyanzo na jinsi ya kuirekebisha

Mvua za vuli zikishaotesha nyasi za Malimbe na Buhongwa, simu yangu huanza kupokea picha. Picha ni zilezile: duara la hadubini, rangi ya zambarau iliyosambaa ndani yake, na ujumbe mfupi chini, "Fundi, mbona sioni kitu?" Wanaotuma ni wanafunzi wa vyuo na walimu wa baiolojia wa kidato cha tano na cha sita hapa Mwanza, wakati mwingine hata wa Sengerema na Magu. Wote wanatafuta jambo moja: kuona kwa macho yao jinsi mbegu ya kiume inavyotengenezwa. Panzi ndiye mdudu anayefaa kuliko wengi kwa kazi hiyo, kwa sababu kromosomu zake, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba sifa za kurithi, ni kubwa, si nyingi, na kumpata hakugharimu kitu.

Nimekaa maabara miaka ya kutosha kuona makosa yakijirudia, na mengi hayatoki kwenye mikono wala kwenye kifaa. Yanatoka kwenye umri: umri wa panzi mwenyewe, na umri wa seli zilizo katika kipande ulichokikata. Kwa hiyo kabla ya dalili yoyote, elewa hili.

Korodani ya panzi ni kishada cha vifuko vyembamba vyeupe, kila kimoja kama punje ndefu ya mchele. Ndani ya kifuko seli zimejipanga kwa umri. Kwenye ncha iliyofungwa kuna seli changa, spematogonia, zinazojigawa kwa mitosisi, mgawanyiko wa kawaida usiopunguza kromosomu. Ukishuka kidogo unakuta spematositi, seli zilizonenepa, na humo ndimo meiosisi inapofanyika na kromosomu kupunguzwa nusu. Chini zaidi kuna spematidi, seli ndogo za duara zilizokwisha kugawanyika. Kwenye shina, karibu na mrija wa kutokea, kuna mbegu zilizokomaa zenye mikia mirefu. Ncha ni asubuhi, shina ni jioni. Ukijua umekata saa ngapi, nusu ya maswali yako yamejibiwa.

"Nimempasua, sioni korodani"

Chanzo kinachoongoza kwa mbali ni kwamba uliyempasua ni jike. Mtazame mkiani kabla ya kushika wembe. Jike ana vipande vinne vigumu vilivyochongoka, anavyochimbia udongo wakati wa kutaga. Dume, mwisho wa tumbo lake umejikunja kwenda juu na kufungika laini kama omo ya mtumbwi. Kwa panzi wengi dume pia ni mdogo kuliko jike, na wanafunzi hupenda kukamata wakubwa. Ndiyo maana darasa zima linaweza kurudi na majike matupu.

Kama ni dume kweli, huenda wembe umepita juu ya korodani na kuisaga. Korodani za panzi ziko chini tu ya mgongo, juu ya utumbo. Kata ubavuni kwa kufuata urefu wa tumbo, kisha funua mgongo kama kifuniko cha sanduku.

Chanzo cha tatu ni mafuta. Panzi aliyeshiba huwa na mafuta ya manjano yaliyoifunika korodani yote, na mtu huona uchafu wa manjano akautupa. Usiutupe. Uweke kwenye tone la maji ya chumvi, uutenganishe polepole kwa sindano mbili, na vile vijipunje vyeupe vitajitokeza. Maji ya chumvi yawe na gramu 7 hivi za chumvi kwa lita moja. Dripu ya chumvi ya famasi, ile ya 0.9%, nayo inafaa kwa dakika chache za kupasulia. Maji ya bomba au ya ziwani usiyatumie hapa: yanaingia ndani ya seli, zinavimba na kupasuka kabla hujazitazama.

"Naona nywele tu"

Hizo nywele ni mbegu zenyewe. Zikiwa zimefungana vichwa na mikia ikining'inia pamoja kama ufagio wa chelewa, basi umeona fungu zima la mbegu la panzi, na ni picha nzuri. Lakini kama shabaha yako ni meiosisi, umefika jioni.

Kwanza jiulize juu ya umri wa panzi. Dume mzee, mwenye mbawa ngumu zilizochanika ncha, amebakiza seli chache zinazogawanyika, na vifuko vyake vimejaa mbegu. Wale unaowakuta kwenye nyasi kavu za Julai na Agosti wengi ndio hao. Tafuta dume ambaye bado hajapata mbawa kamili, mwenye vijimbawa vifupi mgongoni, au aliyejivua gamba la mwisho siku chache zilizopita na mbawa zake bado laini. Majani mabichi baada ya mvua ndiyo maktaba yako.

Umri ukiwa sawa, angalia ulichokata. Huenda umechukua shina la kifuko au mrija wa kutolea mbegu badala ya ncha. Chukua kifuko kizima, kata theluthi ya chini uiweke kando, na utumie iliyobaki.

Nitoke nje ya mada kidogo, maana mbegu za wadudu zina mambo. Kuna nzi mdogo wa matunda, Drosophila bifurca, ambaye mbegu yake moja ikinyooshwa hufika sentimita 5.8 hivi. Huo ni urefu wa dagaa wa kawaida wa ziwa letu, na umetoka ndani ya nzi wa milimita chache. Huwa imeviringwa kama uzi wa kushonea nyavu. Kila ninapowaeleza wanafunzi hili, wanayatazama mafungu ya dagaa pale Kirumba kwa jicho jingine.

"Ni viduara tu, hakuna kromosomu"

Sogeza slaidi. Nasema hivyo nikiwa na maana yake, kwa sababu ndiyo tiba inayofanya kazi mara nyingi kuliko zote. Seli za uzazi za mdudu dume hazikui moja moja. Seli moja ya mwanzo hufungiwa ndani ya kifuko kidogo zaidi kiitwacho sisti, hujigawa mara kadhaa, na watoto wake wote hubaki wameunganishwa kwa vijidaraja. Kwa sababu hiyo wote hupita hatua moja kwa wakati mmoja. Kwa nzi wa matunda wa maabara hesabu inajulikana vizuri: seli moja inazaa spematositi 16, na meiosisi inazifanya spematidi 64. Kwa hiyo ukitua juu ya sisti ya spematidi, seli zote unazoziona zitakuwa viduara vidogo vinavyofanana. Jirani yake, upana wa unywele tu, inaweza kuwepo sisti iliyo katikati ya mgawanyiko. Pitia slaidi yote kwa lenzi ya mara 10, mstari kwa mstari, kama anayepalilia shamba, ndipo ushuke kwa lenzi ya mara 40.

Ukipitia yote na bado ni viduara, panzi ni mchanga mno au seli ziliharibika kabla ya kutiwa dawa ya kuzihifadhi. Uchanga utautambua kwa vifuko vifupi vinavyokaribia kuwa duara na seli zinazolingana zote. Uharibifu utautambua kwa viini vilivyokunjamana, vyeusi tii, bila mpaka unaoeleweka. Hapo uliza historia ya panzi. Alisafiri ndani ya chupa ya plastiki kwenye dashibodi ya daladala kutoka Kisesa? Joto kali huziua seli hizi mapema kuliko linavyomuua panzi mwenyewe. Alikutwa amekufa asubuhi? Basi umechelewa. Mchukue kwenye kikapu chenye majani kivulini, mgandishe kwenye friza dakika 10 hadi 15 akose fahamu, mpasue palepale.

Hili linawahusu pia wanaonunua senene sokoni. Senene aliyekwisha kung'olewa mbawa na miguu amekaa saa nyingi. Kwa kikaango sawa, kwa slaidi hapana.

"Kila seli ina doa jeusi moja, nimelisafisha halitoki"

Usilisafishe! Hii ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote, na inaniuma mtu anapoifuta akidhani ni uchafu wa rangi.

Doa hilo ni kromosomu X, inayohusika na jinsia. Panzi dume hana kromosomu Y kama aliyonayo mwanamume. Jike ana X mbili, dume ana moja, haina mwenzake wa kuoanishwa naye. Wakati kromosomu nyingine bado ni nyuzi nyembamba mwanzoni mwa meiosisi, hiyo moja huwa imejikaza na kunywa rangi sana, ikakaa pembeni mwa kiini kama mgeni asiyejulikana. Mwaka 1891 Hermann Henking, Mjerumani, aliliona jambo hilohilo ndani ya korodani za kunguni mwekundu wa Ulaya. Hakujua ni nini, akaliandikia herufi X. Jina lilianzia hapo.

Yule kunguni wa Henking ni wa familia moja na kangambili, wale wadudu wekundu wenye weusi wanaochafua pamba ya Usukuma. Watu wa mashamba ya Misungwi na Kwimba wanamjua vizuri. Nikiwa na darasa linalotoka huko, huanza na kangambili kwa maelezo tu kisha nikaendelea na panzi kwa hadubini. Kwa hadubini simtumii, kwa sababu kromosomu za jamii ya kunguni hazina kiuno kimoja cha kushikiwa wakati wa kuvutwa, na mwanafunzi anayeanza atachanganyikiwa.

Mwaka 1902 Mmarekani Clarence McClung, aliyefanya kazi na panzi, alitamka kwamba kromosomu hiyo ya ziada ndiyo inayoamua jinsia. Alikuwa sahihi kuhusu kazi ya kromosomu hiyo, akakosea upande: alidhani mbegu yenye kromosomu hiyo inazaa dume. Ni kinyume chake. Mbegu yenye X inazaa jike, isiyo nayo inazaa dume. Mwanafunzi wake, Walter Sutton, alizifuatilia kromosomu za panzi moja moja akaonyesha kwamba zinagawanywa kama sifa za kurithi zinavyogawanywa. Mwaka 1905 Nettie Stevens akaikuta Y ndogo kwenye funza wa unga. Yote hayo yalitoka kwenye korodani za wadudu, kwa hadubini za vioo zisizo na umeme, pengine mbaya kuliko hiyo iliyo mbele yako.

Ujihadhari na jambo moja. Katika metafezi ya kwanza, kromosomu zote zikiwa zimejikaza katikati, X ya panzi hubadilika: inakuwa hafifu kuliko wenzake. Anayeona "kromosomu moja imepauka" ameona sawa, si rangi iliyokosewa.

"Slaidi yote imepauka"

Hapa sasa ni kemikali. Anza na dawa ya kuhifadhia seli zilivyo: ethanoli sehemu 3 kwa asidi ya asetiki safi sehemu 1. Ichanganywe siku ileile ya kazi. Ikikaa, pombe na asidi huungana, mchanganyiko huanza kutoa harufu tamu kama ya dawa ya kutolea kyuteksi, na nguvu yake imekwisha. Siki ya dukani haiwezi kuchukua nafasi ya asidi hiyo, ni asilimia 5 hivi tu. Spiriti ya zambarau ya kuwashia nayo ina maji na rangi yake, iache. Vifuko vikae humo angalau saa moja, usiku kucha ni bora.

Kisha rangi, aseto-orseini au aseto-kamini ya asilimia 2. Ikiwa imeweka mashapo, ichuje. Vipe vifuko dakika 10 hadi 20 ndani ya rangi, si mbili. Kama ulitoa vifuko kwenye pombe na kuvitia kwenye rangi moja kwa moja, vipitishe kwanza kwenye asidi ya asetiki ya asilimia 45 hadi vilainike. Bado imepauka? Pitisha slaidi juu ya mwali wa taa ya spiriti mara tatu nne, ikipata uvuguvugu wa kuvumilika nyuma ya kiganja. Isichemke.

Onyo: chupa ya ethanoli iwe mbali na mwali huo, imefungwa. Moto wa pombe mchana hauonekani vizuri, mtu hugundua nguo imeshika.

"Seli zimerundikana" na "seli zimesagika"

Ni kosa moja lenye sura mbili. Umeweka nyama nyingi. Kifuko kimoja kinatosha, viwili ni anasa. Kikatekate ndani ya tone la rangi, ondoa ngozi yake, weka kava, kile kioo chembamba cha kufunikia, gonga juu yake kwa kitako cha penseli mara kama 20 hadi uone wingu linasambaa. Funika kwa karatasi ya kunyonya, kandamiza kwa kidole gumba wima. Kidole kikiteleza hata kidogo, seli zinaviringika kama unga wa chapati na kromosomu zinavutika. Kava ikipasuka, acha, anza upya. Usiokoe slaidi kwa kucha, vioo hivyo huingia kidoleni na kutoka hospitalini.

"Nahesabu, haifiki 23"

Unahesabu nini, na wakati gani? Panzi wengi wa kawaida wenye pembe fupi wana kromosomu 23 kwa dume. Hizo 23 utazipata kwenye spematogonia, ile mitosisi ya nchani. Katika metafezi ya kwanza ya meiosisi zimeshaoana, kwa hiyo utaona jozi 11 na X moja, vitu 12. Jozi zina maumbo ya pete, misalaba na fito, kufuatana na idadi ya mahali zilipobadilishana vipande. Katika mgawanyiko wa pili utakuta seli zenye 12 na nyingine zenye 11, maana X imeenda upande mmoja. Wengi wanaoniandikia "zimepotea nusu" hawajapoteza chochote.

Ukipata 19 safi mara kwa mara kwenye seli za nchani, tazama ngozi ya panzi wako. Yule mwenye madoadoa ya manjano, meusi na mekundu, mvivu wa kuruka, anayetoa harufu mbaya akishikwa, ni Zonocerus, na jamii yake ina 19. Umehesabu vizuri kuliko kitabu chako. Nawa mikono baada ya kumshika, anakula mimea yenye sumu na kuihifadhi mwilini.

Hesabu zinazobadilika kutoka seli hadi seli, mara 9 mara 14, ni seli zilizopasuka wakati wa kukandamiza. Chagua seli kumi zenye duara kamili, upuuze nyingine.

"Kuna vipande na madaraja"

Kwanza mshuku mkandamizaji, yaani wewe. Tengeneza slaidi mpya mbili kutoka kwa panzi huyohuyo kwa mkono mwepesi. Vikipotea, yamekwisha. Visipopotea, na panzi wengine wa eneo lilelile wanaonyesha kromosomu zilizokatika na madaraja kati ya pande mbili zinazoachana, hapo simama. Usiandike ripoti kwamba dawa fulani ya shamba ndiyo chanzo. Hifadhi vifuko kwenye ethanoli ya asilimia 70, viandike mahali na tarehe, na uvipeleke kwa mtaalamu wa kromosomu wa chuo kikuu.

Kwamba kromosomu zilizovunjika za mbegu zina uzito, tunajua kutoka Unguja. Mbung'o wa huko walimalizwa kwa kuachia madume zaidi ya milioni 8 waliopigwa mionzi. Mbegu zao ziliogelea na kurutubisha kama kawaida, ila kromosomu zilizovunjika ziliua kijusi. Mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa hakina mbung'o tena.

Ukiwa na mdudu mwingine

Nyuki dume: anatoka kwenye yai lisilorutubishwa, ana kromosomu 16 zisizo na jozi, kwa hiyo mgawanyiko wa kwanza huanza na kukwama bila kugawa. Si kosa lako. Na kazi yote huisha akiwa pupa aliyefunikwa ndani ya sega, kwa hiyo dume anayeruka hana cha kukuonyesha ila mbegu. Nondo na kipepeo: mbegu za aina mbili, moja haina kiini kabisa, na hiyo ndiyo nyingi. Ni kawaida yao. Nzi wa matunda dume: hakuna pete wala misalaba, kwa sababu kromosomu zake hazibadilishani vipande.

Mahali pa kuacha

Asidi ya asetiki safi inaunguza. Ikiingia jichoni, maji yanayotiririka dakika 15 bila kupumzika, kisha hospitali, hata kama maumivu yametulia. Usiimimine kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano, hata ukiwa peke yako chumbani. Ukishauriwa kutumia kolkisini ili kromosomu zijipange vizuri, kataa. Ni sumu ya kuua, na kwa korodani ya panzi huihitaji.

Umeme ukikatika, kioo cha hadubini kielekee anga jeupe la dirishani. Kamwe kisilielekee jua. Na ukiona utando kama buibui ndani ya lenzi, ni ukungu, unyevu wa huku ziwani unauleta. Usifungue lenzi kwa bisibisi. Mpe fundi wa hadubini, kwa sababu vioo vya ndani vikihama hata kidogo havirudi.

Slaidi ikikubali, zungushia kyuteksi kingo za kava isikauke. Itadumu siku chache tu, kwa hiyo chora kwanza, ndipo uniite nije kuona.